Mapigano ya Tanga: nyuki tumewasimulia, wapagazi je?

Wadau, Novemba ikikaribia hadithi ya Tanga hurudi, na ikirudi inasimuliwa vilevile. Ni Vita vya Kwanza vya Dunia, nchi iko chini ya Wajerumani, na tarehe 2 Novemba 1914 Waingereza wanafika na watu kama 8,000, wengi wao askari wa Kihindi waliochoshwa na safari ndefu ya baharini. Wanashuka Ras Kasone. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, anawaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi, hawafiki hata 1,500. Nyuki wanatibuliwa mizingani, vurugu tupu, na tarehe 5 Jenerali Aitken wa Waingereza anapakia waliosalia melini huku nyuma ameacha bombomu (bunduki za rashasha) na risasi laki sita. Tunacheka, tunakunywa chai, yameisha.

Swali ninaloleta ni hili: siku hii tuiadhimishe au tuiache? Kuna wanaosema tuiache kabisa, vita vya wazungu wawili kugombea shamba la mtu mwingine havituhusu. Mimi nasema tuiadhimishe, ila tubadilishe anayekumbukwa. Tuanze na mpagazi, yule aliyebebeshwa mizigo ya jeshi.

Nenda pale Posta, Dar es Salaam, kwenye sanamu ya askari, yule wa shaba aliyeelekeza singe yake bandarini. Imesimama tangu 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Tunaitumia kuelekezana njia tu: "shukia askari, kata kushoto." Siku moja nilikuwa namsubiri mtu, akachelewa, nikaamua kusoma maandishi yake. Yapo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanawataja askari waliopigana, yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, halafu yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nikaizunguka yote kutafuta hilo jina. Sikuona hata moja. (Na "nchi yake" ni ipi, hapo nako mtu anaweza kukesha.)

Hesabu rasmi za Waingereza wenyewe zinakiri vifo vya wapagazi kama 95,000 katika vita vile vya Afrika Mashariki. Risasi haikuua wengi kati yao. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Mtu aliyezoea ugali wa mtama anapewa unga wa mahindi wa kukoboa vibaya, hana muda wala kuni za kuupika ukaiva, anaula mbichi nusu, tumbo linaharibika, na kesho yake mzigo wa kilo 25 unamngoja palepale. Kariakoo tunakonunua vitenge kulikuwa kambi yao; jina lenyewe ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi cha Waingereza, iliyopita midomoni mwetu. Nairobi nao wana Kariokor yao. Tumehifadhi jina la kikosi, watu wenyewe tumewapoteza.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisimulia habari za baba yake mdogo. Alikuwa shambani akipalilia, wakaja wakusanyaji, wakamchukua hivyohivyo na matope miguuni. Jembe lake likaletwa nyumbani na jirani, likachomekwa kwenye paa, upande wa ndani. Bibi aliliona hapo miaka na miaka. Hakuna aliyelitumia, maana mwenyewe huenda akarudi. Hakuna aliyeligawa kama mali ya marehemu, maana hakuna aliyeleta habari ya msiba. Mkewe hakukaa eda. Hakuwa mjane, hakuwa mke. Matanga hayakuwekwa mpaka leo.

Sasa hoja nzito kuliko zote niliyoisikia, na sitaki kuipita juujuu: ndugu mmoja wa Kusini aliniambia, "Unataka nimkumbuke askari wa Mjerumani? Jeshi lilelile ndilo lililochoma maghala ya babu zangu wakati wa Maji Maji." Ni kweli. Kati ya 1905 na 1907 jeshi lile lilichoma vyakula, na njaa iliyofuata ikaua kuliko bunduki. Miaka saba tu baadaye jeshi hilohilo linasimuliwa Tanga kama mashujaa. Sina jibu la kumridhisha ndugu huyu, na sidhani kama anapaswa kuridhishwa. Askari alikuwa na mshahara, bunduki na amri juu ya wenzake. Ndiyo maana sisemi tuanze na askari. Mpagazi hakuchoma ghala la mtu. Mara nyingi alikuwa ndiye mwenye ghala.

Wengine watasema sherehe ni gharama, na tayari tuna Julai 25, viongozi wanaweka mkuki na ngao mnarani, yatosha. Siipingi Siku ya Mashujaa. Waliokufa vita vya Kagera wana makaburi yao Kaboya, mtoto anaweza kwenda akasimama mahali akasema baba yuko hapa. Nani atasimama wapi kwa ajili ya mpagazi wa 1917? Baada ya vita wakubwa wa serikali ya kikoloni waliamua makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi porini. Ripoti ya tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita, iliyotoka Aprili 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wao wa ulinzi wakati huo, Ben Wallace, akaomba radhi bungeni. Radhi tumeipokea, lakini jembe bado liko darini.

Pendekezo langu ni dogo, halihitaji gwaride wala mahema ya wageni rasmi. Novemba 5, pale Tanga, kila mwenye jina alilolisikia kwa bibi au babu aje nalo, litajwe kwa sauti, liandikwe kwenye daftari. Wenye dua wasome dua, wenye sala wasali, wenye tambiko wakafanye kwao. Wahindi waliozikwa pale nao watajwe, hawakuja kwa kupenda. Na ndugu yangu wa Kusini akitaka kuja na majina ya waliokufa kwa njaa ya Maji Maji, binafsi nitamsogezea kiti na daftari.

Anayepinga aeleze. Ila kabla hujaandika "vita si vyetu", muulize kwanza mzee yeyote aliyebaki kwenu kama kuna mtu alichukuliwa hakurudi. Mimi nina jina moja tayari.