Umeme ukirudi printa zinaandika "Hors connexion" (haziko mtandaoni), na TFC (kazi za mwisho wa masomo) zinaangukia kwenye printa ya rangi

Fundi_Nyawera
Jambo bandugu. Bureautique yetu (duka la kuchapa) iko hapa Bukavu, upande wa ISP, chuo cha ualimu. Kompyuta tano za Windows 10, printa mbili kwa kebo ya rauta: leza nyeusi na ya wino wa rangi. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta mbili tatu zinaandika "Hors connexion" ilhali printa inawaka vizuri. Halafu mwanafunzi akileta TFC, kurasa 60 za maandishi matupu zinatoka kwenye ya rangi. Nataka kila kazi iende mahali pake.

Kaka_Kebo
Anwani ya printa mtandaoni (IP) inabadilika, ndugu. Rauta ikizimika inagawa anwani upya; printa iliyokuwa 192.168.1.104 inaamka na 107, kompyuta bado zinaitafuta kwa 104. Toa ukurasa wa usanidi wa printa, soma MAC yake (utambulisho wa kifaa, tarakimu na herufi 12), ingia kwenye rauta sehemu ya DHCP, ile inayogawa anwani, uifungie anwani moja. Ningeweka .20 (yaani 192.168.1.20) kwa leza, .21 kwa rangi, DHCP igawe .100 hadi .199 tu. Zima printa uiwashe tena.

Kisha kwenye kila kompyuta angalia sifa za printa, sehemu ya porti, njia ya kuifikia printa. Ukikuta WSD, usiitumie kabisa: hiyo inategemea printa ijitangaze mtandaoni, na umeme ukirudi ovyo mara nyingi wanapotezana. Ongeza porti ya TCP/IP, 192.168.1.20, Raw, namba 9100. Ondoa pia alama ya SNMP (njia ya kuuliza hali ya printa) hapo hapo. Printa isipojibu swali la SNMP, Windows inasema haipo hata kama inachapa.

Mama_Toner
Anwani ni sawa, ila kompyuta tano zikituma kila moja kivyake, foleni ni tano. Huwezi kusimamisha TFC ili mwenye attestation ya ukurasa mmoja apite. Weka foleni moja. Kompyuta kuukuu yenye Debian (aina ya Linux) na CUPS (programu ya kusimamia foleni za printa) inatosha, ipe 192.168.1.10:

`sudo lpadmin -p nyeusi -E -v ipp://192.168.1.20/ipp/print -m everywhere`
`sudo lpadmin -p nyeusi -o printer-error-policy=retry-job`
`sudo cupsctl --share-printers`

Mstari wa pili usiuruke. Bila huo, CUPS ikiikosa printa inaweza kuifunga foleni, na itabaki imefungwa hadi mtu aandike `cupsenable nyeusi`. Kwa umeme wetu huu, huenda ukawa unaandika hivyo kila asubuhi. Rudia kwa "rangi" na .21. Printa ya zamani isiyojua IPP (lugha ya kuchapa mtandaoni) haitakubali "everywhere", itataka draiva yake.

Windows uzipe, badala ya porti ile ya 9100, `http://192.168.1.10:631/printers/nyeusi`. Na TFC kwenda kwenye rangi, sababu ni hii: Windows 10 inajichagulia printa iliyotumika mwisho. Mtu akichapa picha moja, kazi zote zinazofuata zinaelekea huko. Zima chaguo hilo kwenye mipangilio ya printa, kisha weka "nyeusi" iwe printa chaguo-msingi kwenye zote tano.

Fundi_Nyawera
Aksanti sana. Na ile pool ya Windows (printa kadhaa chini ya jina moja) haiwezi kugawa yenyewe?

Kaka_Kebo
Hapana. Pool inapeleka kazi kwa printa yoyote isiyo na shughuli, kwa hiyo zinapaswa kuwa za aina moja, draiva moja. Kwako picha ya rangi ingeweza kutoka nyeusi tupu. Siku ukinunua leza ya pili kama hiyo, hapo sawa.

Mama_Toner
Tena, UPS (betri ya akiba) iwe ya rauta na ile ya CUPS tu. Leza ikipasha moto inaweza kuvuta wati mia kadhaa, nyingine zaidi ya 1000. UPS ndogo ya 650 VA itazima yote pamoja nayo. Na foleni ikisimama bila sababu, angalia karatasi kwenye draiva. Ikiwa ni Letter badala ya A4, printa inangoja karatasi ambayo hakuna mtu atakayeileta.