Mliowahi kupeleka familia mbugani kwa siku moja, tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Nane Nane nilibeba familia kwenye Noah hadi Mikumi: mama watoto, watoto watatu, na mama mkwe aliyekuja kwetu kutibiwa macho. Tulitoka Mbagala saa tisa usiku, saa tatu na nusu asubuhi tuko getini.

Kosa la kwanza langu. Nimejaza noti mfukoni, kumbe malipo ni kwa control namba, na simu yangu ina chaji asilimia mbili. Kosa la pili ni dera la bluu la mama watoto. Mbung'o na rangi ya bluu ni chanda na pete, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Ikabidi tufunge vioo, na AC ya gari langu ni jina tu. Tuliiva.

Simba tulimwona, sikatai. Mmoja, kalala kivulini, inaonekana sikio na ncha ya mkia. Mwanangu wa mwisho naye kalala, kwa hiyo walitoshana nguvu.

Aliyebeba siku ni mama mkwe. Yeye ni wa Kilosa, kakulia jirani na wanyama hao. Tembo walipokatiza barabara mbele yetu, sisi tunanong'ona, yeye sauti juu: "Ndio hawa waliomaliza shamba la baba usiku mmoja! Tulipiga madebe mpaka kukacha. Leo nimelipa kiingilio nije kuwasalimia?" Nikamwambia kiingilio nimelipa mimi. Akasema ndiyo maana hasira zimepungua.

Haya, na nyie leteni zenu.

*

Dereva wa Tunduma: Mkuu, mimi hiyo barabara naipita kila wiki, ndani ya hifadhi ni kama kilometa 50, pundamilia na twiga nawaona bure kabisa. Likizo moja nilimpakia mwanangu wa darasa la pili. Tukafika kwenye lile bango la faini za kugonga wanyama, kila mnyama na dola zake. Dogo akasoma taratibu, akanigeukia: "Baba, twiga ghali. Tununue swala." Mpaka Iringa ananiuliza tutamfunga wapi.

*

Mama wa Nyegezi: Sisi wa Mwanza hatuna haja ya kuamka usiku. Saanane iko hapohapo Capri Point, unapanda boti, dakika chache umefika. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, ila mtoto anatembea kwa miguu na hiyo kwangu ndiyo raha. Ubaya ni tumbili. Niliweka chapati kumi na mbili juu ya jiwe nikainama kumvalisha mtoto kiatu. Nilipoinuka nimebaki na hotipoti na mfuniko. Pimbi wamejipanga juu ya mwamba wanatuangalia kama wazee wa baraza.

*

Baba Wawili, Nairobi: Sisi tuliingia Nairobi Park kwa lango la Lang'ata. Mbuga ni ya 1946, na maghorofa ya mjini unayaona nyuma ya twiga. Nilikuwa nimemwahidi kijana wangu wa miaka sita simba. Akaona lile daraja la SGR lililokatiza mbuga, nguzo ndefu, swara wanapita chini yake. Ikawa basi! Hataki tusonge mpaka treni ipite. Tulikaa karibu saa nzima, mke wangu amenuna, chai imepoa. Ikapita moja ya mizigo. Kijana akapiga makofi, akasema sasa twende nyumbani.

*

Shangazi wa Kisauni: Nyie wote mwahangaika na simba. Mwaka 2006 niliwapeleka wana wa kaka yangu Haller Park, hapa Bamburi, palipokuwa machimbo ya saruji. Walitaka kumwona Owen, yule kiboko mdogo aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mzee kama mamake. Na kweli, alikuwa kamlalia. Lakini kilichowatoa mayowe ni kulisha twiga. Ulimi mweusi, mrefu, wanata mate, waja mpaka kwenye kifundo cha mkono. Wa kike alicheka, wa kiume, aliyejidai shujaa toka asubuhi, alimwaga chakula chote akanikumbatia mguu. Sasa ana ndevu, na nikimkumbusha aondoka sebuleni.

*

Mleta mada: Aliyeniuliza gharama inbox: Mtanzania analipa kwa shilingi, nafuu sana kuliko mgeni, bebeni vitambulisho. Kilichoniumiza mimi ni mafuta, na chipsi kuku za Morogoro wakati wa kurudi, sahani sita.

Mama mkwe bado yupo. Jana nimemsikia kwenye simu na ndugu zake Kilosa, anawaambia tembo amewaona, wamenenepa, na ni kwa mahindi yetu.