Nina ADHD na nataka kwenda ICU: niombe au nibaki wodini?

Bint_Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni muuguzi, kwetu Wete, nafanya kazi Unguja mwaka wa nne sasa, wodi ya wanaume. Nina miaka 29. Mwaka jana daktari wa afya ya akili alinithibitishia kuwa nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya iwe tabu kushika umakini na kukumbuka mambo. Sikuwa mtoto wa kurukaruka, nilikuwa nakaa kimya nikapotea mawazoni, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Skuli walimu wakisema mwili uko darasani, roho iko Tanga.

Mgonjwa akibadilika ghafla, mimi ndiye ninayetulia kuliko wote. Tabu yangu ni mambo ya kimya kimya. Ramadhani iliyopita, zamu ya usiku, niliandaa antibayotiki ya saa nne. Nikaitwa kitanda cha mwisho kumshika mgonjwa anayetapika. Dawa ikabaki kwenye trei mpaka saa sita. Alhamdulillahi mgonjwa hakudhurika, na niliripoti mwenyewe. Mkuu wa zamu akaniita mzembe mbele ya wenzangu. Neno lile bado linaniuma.

Sasa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, wanatafuta wauguzi wawili na fomu zinafungwa wiki ijayo. Kuhudumia mahututi ndiyo kazi niliyoipenda tangu nikiwa mwanafunzi. Niombe? Na nikiomba, niseme hali yangu au ninyamaze?

Sista_Mstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Nimekaa ICU miaka kumi na moja. Wodini una wagonjwa ishirini na kila mmoja anakuita. ICU una mmoja au wawili, na chati inakuongoza: kila saa unaandika presha, mapigo, pumzi, oksijeni, mkojo. Kila saa mbili unamgeuza. Aliye kwenye mashine ya kupumulia, kichwa cha kitanda unakiinua nyuzi 30 hadi 45 asije akapata nimonia. Mtu wa kusahau anapata pa kushika.

Lakini sikufichi. Hatari iko saa tisa za usiku, kukiwa shwari na macho mazito. Noradrenalini, dawa ya kushikilia presha ambayo mashine huisukuma polepole kutoka kwenye bomba la sindano, haikai mwilini ila dakika chache. Bomba la sindano likiisha nawe umezubaa, presha inaanguka papo hapo. Sisi tulikuwa tukiandaa la pili mapema, la kwanza likiwa bado linakwenda, na saa tunaiandika kwenye plasta juu ya mashine. Kengele ya mashine usiitegemee peke yake, kwani ikilia mara nyingi sikio huizoea.

Kijana_wa_Mkoani
Dada, mimi nasema ngoja kidogo. Uwezo unao, ila umethibitishwa juzi tu na hujatwambia kama unatumia dawa. Mdogo wangu alipoanza zake, wiki za mwanzo moyo ulimwenda mbio na usingizi ukakata. Zamu za usiku juu ya usingizi mbovu zinazidisha kusahau khasa.

Bint_Wete
Natumia, kaka. Kila kliniki napimwa presha na mapigo kwa sababu dawa hizi huvipandisha. Mchana zinanisaidia sana. Zamu ya usiku ndiyo mtihani: nikimeza jioni, asubuhi silali.

Mama_Chake
Hilo la saa za kumeza mpelekee daktari wako kabla ya fomu, mdogo wangu, na uende na ratiba ya zamu mkononi. Usijipangie mwenyewe.

Kuhusu kusema: si kila mtu ajue. Mwambie msimamizi mmoja, na uanze na unachohitaji. Usikatizwe unapoandaa dawa. Insulini, potasiamu na heparini (ya kuzuia damu kuganda), dawa ambazo kosa la kipimo ni hatari, mziangalie watu wawili, jambo ambalo lingepasa kufanywa kwa kila muuguzi hata bila ADHD. Zamu za usiku zipangwe pamoja, si leo usiku kesho mchana. Ukipokea zamu, rudia kwa sauti uliyoambiwa na uandike: hali ya sasa, historia, tathmini, kinachotakiwa kufanywa.

Na usiku ule wa Ramadhani, waliokuita walikosea pia. Siku nyengine jibu: "Nina dawa mkononi, mwite mwengine." Sema kwa sauti, bila haya. Kukuita mzembe hakukumfikishia mgonjwa dawa yake.

Bint_Wete
Mama, umenitoa machozi. Nimesoma yote mara tatu. Kesho naomba ruhusa nikae ICU siku mbili niangalie tu, na usiku mmoja uwemo, kisha ndiyo nijaze fomu. Kliniki yangu ni Jumatano, ratiba nitakwenda nayo.

Sista, ile plasta: mnaandika saa ya bomba kuisha, au saa ya kuandaa jengine?

Sista_Mstaafu
Zote mbili, mwanangu. Ya kuandaa kwa wino mwekundu.