Deliverance (1972): ule mto ulipigwaje picha?

Mdau wa Kirumba:
Habari za jioni, wanajukwaa. Juzi tuliirudia filamu ya Deliverance, ile ya wanaume wanne wanaoteremka mto kwa mitumbwi, nyumbani Kirumba, na sisi tuliokulia kwenye mitumbwi tulishtuka kuona maji yakiwapiga waigizaji wenyewe. Je, mwongozaji John Boorman aliwezaje kupiga picha katika mto wenye kasi namna ile?

Mvuvi wa Igombe:
Kaka, walipiga picha katika mto Chattooga, mpakani mwa majimbo ya Georgia na South Carolina huko Marekani, tena kwa sehemu kubwa wakifuata mtiririko wa hadithi, ndiyo maana uchovu nyusoni mwa mwigizaji Jon Voight na wenzake unazidi kadiri mto unavyoteremka. Hawakuwa na bima, na mwigizaji mwenzake Burt Reynolds aliumia mfupa wa kitako baada ya kuporomoka kwenye maporomoko. Kwa kweli, hilo halikupaswa kuruhusiwa.

Mwalimu wa Bwiru:
Naongeza suala la rangi, ambalo wengi hulipita. Boorman na mpiga picha wake, Vilmos Zsigmond, waliifubaza rangi ya filamu kwa makusudi, kwa sababu kijani cha msitu kilikuwa kinapendeza mno kwa hadithi ya hofu. Itazameni upya sehemu ya Voight akiparamia mwamba usiku: majani karibu hayana rangi, na mikono yake inapapasa nyufa moja baada ya nyingine.

Mdau wa Kirumba:
Ahsante sana, Mwalimu. Nawe kaka wa Igombe, shukrani. Jumamosi tutaitazama tena, safari hii tukikazia macho rangi.