Mrejesho: saileji ya shayiri iliyokuwa ikipata joto
Nawashukuru kwa dhati mlionijibu nilipouliza kwa nini saileji yangu (malisho ya mifugo yaliyochachushwa bila hewa) ya shayiri, iliyokatwa nzima pamoja na masuke, ilipata joto na kuota ukungu kila nilipofungua shimo. Nilifuata ushauri wa kunyunyizia bakteria aina ya Lactobacillus buchneri kwa maji yasiyo na klorini, kisha nikasubiri siku 60, kwa kuwa bakteria hao huhitaji muda wa kugeuza sehemu ya asidi ya laktiki kuwa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo huzuia hamira, vijidudu vinavyoanzisha joto hilo hewa inapoingia. Safari hii saileji imebaki baridi. Pembeni, hata hivyo, ukungu umerudi, kwani huko sikushindilia vya kutosha, na hakuna kiongezeo kinachoweza kuondoa hewa iliyobaki ndani.