Utomvu wa matoke kwenye kanzu, na kwanjula ni Jumamosi

Musa_Bombo: Habari zenu wandugu. Kanzu yangu nyeupe iligusana na utomvu wa matoke nilipokuwa nasaidia kubeba mikungu msibani. Siku ile sikuona kitu. Baada ya kufuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa, mabaka ya kahawia yakajitokeza tumboni na kwenye mkono wa kulia. Pindoni pia kuna udongo mwekundu. Jumamosi namsindikiza mdogo wangu kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho ukweni, huko Mukono, na wakwe huanza na mavazi kabla hawajasikia neno. Nitie jiki?

Mama Sauda: Mwanangu, jiki weka chini kwanza. Ile darizi nyekundu ya shingoni ikiguswa na jiki inafifia, na hiyo haina dawa. Kitambaa chenyewe ni pamba tupu?

Musa_Bombo: Pamba na poliesta, mama.

Dobi Kawempe: Basi jiki haifai kabisa, poliesta inaweza kugeuka manjano. Utomvu wa ndizi una tanini, kama majani ya chai. Ukipigwa na hewa unakuwa kahawia, ndiyo maana doa huibuka baadaye. Sabuni ya mche hulikaza. Tumia ya unga. Tafuta unga wa kuondolea madoa usio na klorini, ule wa nguo za rangi. Uyeyushe kwenye maji ya uvuguvugu, lowanisha penye doa tu, darizi ibaki nje ya beseni. Acha saa kadhaa. Ukiukosa, hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa inasaidia. Jaribu kwanza upande wa ndani wa pindo.

Kijana wa Jinja: Mimi nachanganya jiki na ndimu, linatoka haraka.

Dobi Kawempe: Kaka, tafadhali acha hiyo. Jiki ikikutana na ndimu au siki inatoa gesi ya klorini, inachoma macho na mapafu. Ndimu peke yake sawa, tena inasaidia huo udongo wa pindoni: wekundu wake ni kutu ya chuma, jiki haiutoi.

Mama Sauda: Udongo ukauke kabisa, upige brashi, ndipo ufue. Ukiusugua mbichi unauzamisha kwenye nyuzi. Pasi usiipitishe mpaka doa liishe. Sisi tunaomenya matoke hupaka mafuta ya kupikia mikononi ili utomvu usitugande. Nanyi mnaobeba mikungu vaeni shati kuukuu, kanzu muivae kazi ikiisha.

Musa_Bombo: Asanteni sana. Nimelowanisha usiku kucha. La tumboni limekwisha, la mkononi limebaki kama kivuli. Nirudie?

Dobi Kawempe: Rudia, lakini kwa maji mapya na unga mpya, ule wa jana umeisha nguvu. Suuza sana. Kisha ikague ikiwa kavu, kwenye mwanga wa jua. Nguo mbichi huficha doa.