Fundi anatangaza kifo cha diski bila hata kubadilisha waya!

Wakuu, nimetoka kwake leo na hasira haijashuka. Jina sitaji, mnamjua wote, yule anayejiita daktari wa data.

Diski yangu ilianza kupotea na kurudi. Unakopi faili, mashine inaganda, mara diski haipo kabisa. Nampelekea, anaichomoa, anaiweka SIKIONI, anafumba macho, anatamka: "Hii imekufa." Hajafungua programu yoyote ya kusoma S.M.A.R.T., zile namba za afya ambazo diski inajirekodia yenyewe. Hajagusa waya. Sikioni tu! Wateja wengine wakaanza kunipa pole za msiba.

Nikamwambia, mzee, angalia namba 199, ndiyo inayohesabu makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika. Ikipanda huku namba 5 na 197, zinazohesabu sehemu mbovu za diski, ziko sifuri, mtuhumiwa wa kwanza ni waya, data inaharibika njiani kabla ya kufika. Akacheka. "Hayo ya intaneti. Imekufa, nunua nyingine, hii niachie." Nimuachie! Data zangu zote!

Nimefika nyumbani, nimeweka waya mpya wa SATA, ule wa data kati ya diski na mazabodi, na kuhamia tundu jingine la mazabodi. Diski inadunda. Ile 199 hairudi sifuri, hiyo ndiyo kawaida yake, ila haipandi tena. Waya wa zamani kichwa kimelegea, ukiugusa unacheza, hata kibati cha kubana hauna. Angeugusa kwa kidole angejua. Lakini yeye ana sikio. SIKIO, wakuu!

Kichwa_Maji: Povu lote hili kwa sababu ya waya? Kunywa maji mkuu.

BintiBodi: Mwacheni aseme. Mimi huyohuyo alinisikilizia SSD. SSD! Haina kinachozunguka ndani, alikuwa anasikia nini?

Kichwa_Maji: 😂😂😂 Alisikia mbinguni.

Mkongwe77: Mleta uzi una nafuu. Fundi wangu alichukua waya za pawasaplai ya kampuni moja akachomeka kwenye pawasaplai ya kampuni nyingine. Zinaingia vizuri kabisa, ila pini zimepangwa tofauti. Volti 12 zikapita panapotakiwa 5. Diski zote chali, moshi juu. Akaniambia "umeme wa kwako mbaya."

Mleta uzi: Pole sana, ila wako alau aligusa waya! Wangu SIKIO!

Fyuzi: Mkongwe, na zile adapta za umeme za moleksi (plagi ya zamani) kwenda SATA zilizomiminwa plastiki je? Zinaungua hadi moto. Nani anaruhusu ziuzwe?

Mkongwe77: Usinikumbushe.

Jirani_wa_Seva: Wangu alinifungia waya wa SATA mrefu kuliko mita 1 "ili upite vizuri nyuma". Mita 1 ndiyo mwisho! Kila nikikopi faili kubwa, makosa.

Mleta uzi: Jamani tunamjadili wa sikio.

Kichwa_Maji: Sikio tumeshalisikia.

Fyuzi: Tukiwa hapohapo, diski yangu ya nje ya USB-C inatambaa, haivuki megabaiti 40 kwa sekunde. Fundi kaniambia diski imezeeka, nimeinunua juzi!

BintiBodi: Unatumia waya wa chaja ya simu?

Fyuzi: Ndiyo, si unaingia?

BintiBodi: Nyingi za chaja ndani ni USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde basi, kwa vitendo ndiyo hizo megabaiti 40 zako. Tafuta uliokuja na diski.

Fyuzi: Fundi alibaki nao!!